Mwalimu Kwanini na Binti Aliyetaka Kutengeneza Meno

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Kwanini, maana kila aliyeingia chumba chake cha ushauri na kutaja kazi anayoitaka alirushiwa swali hilo. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya michezo. Alikaa katikati ya mipira isiyo na upepo na nyavu zinazonuka jasho. Miaka nenda rudi alisikia daktari, rubani, mwanasheria, daktari tena. Akiuliza kwa nini, wanakodolea macho dari.

Ndipo akaja binti wa kidato cha tatu, mpole, kucha zimejaa udongo wa kufinyangia.

"Nataka kutengeneza meno ya bandia."

"Kwa nini?"

"Bibi yangu aliwekewa yasiyomkaa. Akawa anakula kwa kujificha, akicheka anaziba mdomo. Mimi najua kufinyanga, mwalimu. Nadhani ningeyapatia."

Mwalimu nusura amkumbatie. Wiki hiyohiyo akampeleka kwa fundi wa meno ya bandia, mwenye karakana nyuma ya zahanati. Binti akapewa nta na kisu kidogo achonge gego. Fundi akaligeuzageuza chini ya taa.

"Limelala upande. Rudia."

Akarudia, akarudia tena, mpaka karakana ikafungwa. Hata maji hakuomba.

Kesho yake baba yake, dereva wa lori la saruji, alifika shuleni amefura.

"Mwalimu, nimekula vumbi nipate mwanasheria nyumbani, wewe unaniletea mchonga meno?"

"Baba, hiyo ni kazi ya hospitali. Inasomewa chuoni kabisa."

"Mahakamani mawakili waliongea juu ya kiwanja changu kana kwamba mimi sipo. Nikatoka sina kiwanja. Siku hiyo niliapa."

Mwalimu alimwendea mkuu wa shule, akaambiwa mtoto ni wa baba yake. Muhula uliofuata binti akahamishiwa masomo ya sanaa: kemia hakuna, fizikia hakuna. Mlango wa karakana ukawa umefungwa hivyo.

Mwalimu hakukubali yaishe. Alimpigia baba simu, haikupokelewa. Akafunga safari hadi nyumbani kwao, mara ya kwanza akapewa chai, mara ya pili hakupewa hata kiti.

Baada ya hapo binti alimsubiri nje ya ofisi ya walimu.

"Mwalimu, naomba uache."

"Niache nini?"

"Kunipigania. Ukishaondoka, baba anamgeukia mama, anasema ndiye aliyekutuma. Hawasemezani sasa. Nitasoma sheria tu."

"Lakini wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka nyumbani kutulie."

Mwalimu aliingia darasani, akaandika ubaoni kwa nguvu hadi chaki ikamkatikia mkononi. Wanafunzi wakatazamana.

Sasa binti yuko chuo kikuu, mwaka wa pili wa sheria, na anafaulu. Juzi walikutana kwenye foleni ya benki.

"Baba hajambo?"

"Hajambo kabisa. Ananisifia kwa kila mtu."

"Na wewe?"

"Nasoma, mwalimu."

Foleni ikasogea, binti akaitwa dirishani. Mwalimu alitoka pale amekasirika, na njia nzima hakujua amkasirikie nani.