Mafuta Niliyopeleka kwa Bukwe

Kazi yangu, ukimweleza mtu wa Lubumbashi, anacheka kwanza. Huko ng'ambo nilikosomea tulikuwa tunachukua jeni kutoka mbono, ule mmea ambao bibi zetu walitunywesha mafuta yake tukiwa wadogo ili tuharishe, na kuipandikiza ndani ya soya. Mbegu za mbono zina sumu, na viwanda vinayataka sana mafuta yake mazito kwa mashine, rangi na sabuni. Basi tulitaka soya iyatengeneze bila ile sumu. Soya yenyewe ilikuwa inagoma. Mbegu zilitoka zimekunjamana, na asidi ya mafuta tuliyoitafuta ilipatikana kidogo tu. Lakini ilipatikana, bwana! Niliporudi kufundisha hapa nilikuja na chupa moja ya mafuta yale, na kila mgeni aliyeingia kwangu nilimwonyesha.

Mwaka huu tulikwenda kwa bukwe, yaani wazazi wa mchumba wangu, kupokea jibu lao, kama wananikubali au hapana. Kwetu mkwe wa kiume haongei na mama mkwe, hamtazami usoni, hali mbele yake. Unakaa umeinamisha kichwa, mshenga anasema kwa niaba yako. Mshenga wangu alikuwa mjomba, mtu wa maneno matamu kupita kiasi. Nilimpa chupa, nikamwambia waziwazi, "Mjomba, ubaambie ni ya kuangalia tu. Haiko ya kula."

"Sawa, sawa," alisema.

Pale sebuleni akasimama, akakohoa, akaiinua chupa juu. "Bukwe, mutoto wetu anatengeneza mafuta. Haya njo matunda ya mikono yake." Akaketi. Nilimkanyaga mguu. Akaninong'oneza, "Aka! Unapeleka kintu kwa bukwe, halafu unabakataza kukula? Uko na akili kweli?"

Kusema haki, hapo alisema kweli: kuwakataza wakwe kula ulichowaletea, matusi makubwa kuliko hayo hakuna. Lakini chupa ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa dada ya mama mkwe, akaipeleka uani. Nilimwomba mjomba amfuate. Akajifanya hasikii, akaanza kusifu viti vya watu. Punde nikamsikia mama mkwe anacheka huko nje, anaita majirani waje waonje samaki wa ziwani wa Kilwa waliokaangwa kwa mafuta ya mkwe wake. Sijawahi kusikia mtu akijivunia mimi namna ile, na nilikuwa natoka jasho.

Nikatoka mbio. Mama mkwe alikuwa ameinama kwenye mbabula, kitambaa cha kichwa amekivua kwa sababu ya joto la makaa, mvi zote nje. Samaki walikuwa tayari sahanini, na alikuwa amemega kipande, anakipeleka mdomoni.

"Mama, usikule!" nilipiga kelele, nikamshika mkono.

Mkono wa mama mkwe! Majirani walisema "Mawee!" kwa sauti moja. Mchumba wangu, aliyekuwa amebeba beseni ya bukari, ugali wetu, aligeukia ukuta.

"Ni mafuta ya mashine," nikasema. "Itabaharisha wote." Nilijisikia nikisema neno lile mbele ya wamama wale, na nikatamani ardhi inimeze.

Mama mkwe aliuvuta mkono wake taratibu, akajifunga kitambaa. Alimgeukia dada yake, nami nimesimama palepale. "Mumuulize. Kama haiko ya kula, alituletea ya nini?"

Nilijibu mwenyewe, adabu ilikuwa imekwisha kuharibika. "Nilitaka munijue, Mama. Mujue kazi yangu."

"Mumuambie tulisha kumujua."

Samaki wote walimwagwa. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Tulirudi nyumbani bila jibu, na bado tunalingoja. Mchumba wangu anapokea simu zangu, anajibu kwa upole neno moja moja, mpaka mimi ndiye ninayekata. Mjomba hajutii kitu. Mpaka leo anasema ningewaacha waonje, wangeharisha siku moja wakatusamehe. Kuna siku, aibu ikinizidi, namkubalia.