Nilivyopaka Rangi Vichwa vya Sura

Juzi nilitamani ardhi inimeze. Hapa Tabora tunaandaa kitabu cha kusomwa kwenye kompyuta, kuhusu njia ya zamani ya misafara. Mwenzangu Zuhura, dada makini kuliko sote, alikuwa ameweka alama za mabano kila mahali: hiki kichwa cha sura, hili jina la kijiji. Mimi nikaona mabano hayo yanaharibu ukurasa. Nikayafuta yote, nikakuza vichwa na kuvipaka rangi nyekundu. Nikajipongeza, mjinga mimi.

Asubuhi akaja Mwalimu Kapela, mstaafu asiyeona, kukagua kitabu. Kompyuta humsomea kwa sauti, naye hubonyeza kitufe kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Wiki iliyopita, kwa alama za Zuhura, aliruka kutoka sura ya Nzega hadi ya Kaliua huku akicheka kwa raha. Safari hii alibonyeza, kompyuta haikuruka popote. Akabonyeza tena.

“Mwanangu, vichwa vimekwenda wapi?”

“Vipo, Mwalimu,” nikajibu kwa madaha. “Si hivyo vikubwa, vyekundu!”

Zuhura akafunika uso. Mwalimu akageukia sauti yangu, akatabasamu.

“Zuhura aliiambia mashine kwamba hiki ni kichwa, nayo ikaniambia mimi. Huo wekundu wako umemwambia nani?”