Neno la Kumnyamazisha Mtoto

Usiku ule nilikaa jikoni na simu mapajani, nikisubiri binti yangu apige. Alikuwa hospitalini na mtoto wa miaka tisa aliyetendwa vibaya na baba yake wa kambo. Ilikuwa mara ya kwanza kuachwa peke yake na mtoto tangu aanze mafunzo. Mwalimu wake alikuwa amekwenda kituo cha polisi pamoja na mama wa mtoto. Mimi simu isipolia nawaza mabaya, ikilia nawaza mabaya zaidi.

Ililia saa nne.

"Mama, hanyamazi," akasema kwa sauti ya chini. "Daktari hawezi hata kumsogelea. Amenishika blauzi, anauliza kama yule baba anakuja."

"Mwambie hatamwona tena."

"Haturuhusiwi kusema hivyo."

"Mtoto analia, wewe unanisomea sheria? Mwambie hatamwona tena, anyamaze atibiwe."

Akakata simu. Nililala vizuri usiku ule, Mungu anisamehe.

Huyu ni kifungua mimba wangu, ana miaka ishirini na saba. Miaka sita alikuwa msusi, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Mtoto akikaa chini kusukwa, kichwa kiko katikati ya magoti yako na haoni uso wako, kwa hiyo anasema mengi. Siku moja msichana mdogo alimweleza jambo linalotendeka kwao, kwa sauti ileile aliyoombea shanga nyekundu. Binti yangu alimaliza kusuka, akamrudisha mtoto kwao kwa sababu hakujua pengine pa kumpeleka. Familia ile ikahama mwezi huohuo. Alikonda mpaka nguo zikawa zinamning'inia. Baadaye akasikia kuna mahali wanafundisha watu kusimama na watoto wa namna hiyo pamoja na familia zao, hospitalini, polisi na mahakamani. Akafunga kibanda.

Majirani walimpa jina: Wakili wa Chekechea.

"Wakili," mama wa mlango wa pili alimwita siku moja, "mwanangu kaibiwa penseli. Kesi utaichukua?"

"Lete mashahidi wawili na pipi."

Walicheka mpaka mwenye nyumba akatoka kuangalia kuna nini.

Jioni alikuwa akifanyia mazoezi kwangu. Mimi nakuwa mtoto, yeye anakaa ubavuni, kamwe si mbele. Haulizi swali lenye jibu ndani yake. Hasemi "usijali," hasemi "yataisha," wala haahidi jambo lililo mikononi mwa mtu mwingine.

"Sasa kazi yenu ni ipi?" nikamuuliza. "Mimi nimelea wanne kwa ahadi. Nilikuwa nawaambia narudi sasa hivi, halafu narudi usiku."

"Najua, mama. Nilikuwa nakusubiri dirishani."

Alisema akitabasamu, nami nikaona ni utani.

Kule chuoni kwao, kila neno ulilomwambia mtoto unaliandika kwenye daftari siku hiyohiyo. Usiku ule wa hospitali alimwambia mtoto neno langu, akaliandika kama lilivyo, bila kusema limetoka wapi. Mwalimu akalipigia mstari na kumwambia aende akalirekebishe mapema. Binti yangu akawa anaahirisha. Mtoto alikuwa ameanza kula. Alikuwa ameanza kucheka. Tena alikuwa amekubali kuzungumza mbele ya hakimu, mradi binti yangu awe pembeni yake. Nani angetaka kumvuruga?

Wiki ya tatu yule mwanamume akatoka kwa dhamana. Mama mzazi wa mtoto alikuwa amerudi upande wa mumewe, na mtoto alikuwa anaishi kwa mama yake mdogo. Akatumwa dukani kununua sabuni, akamkuta baba yule anasubiri chenji. Hakumgusa wala hakumsemesha. Mtoto aliiacha sabuni pale, akakimbia nyumbani, akajifungia chumbani. Kesi ilikuwa Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili.

Binti yangu aliponieleza, nilifunga kitambaa kichwani nikaenda kwa mwalimu wake, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Mwalimu, lile neno ni langu," nikamwambia. "Nilimwambia mimi kwenye simu. Usimfukuze mwanangu."

"Sijasema namfukuza, mama. Lakini mtoto hakukusikia wewe, alimsikia yeye. Aende mwenyewe akamwambie alikosea. Na asimwombe kitu chochote."

"Na mtoto akikataa kusema mahakamani?"

"Hakuna atakayemlazimisha."

"Na yule mwanamume je?"

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Hatuna shahidi mwingine, mama."

Binti yangu hakutaka niende naye kule kwa mama mdogo. Nikamwambia naishia getini. Kutoka getini nikaingia hadi mwanzo wa korido, maana sikuweza kungoja nje. Vyumba vilikuwa pande mbili. Mbele ya mlango mmoja, mama mdogo wa mtoto alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi ananifungulia," alimwambia binti yangu. "Nikiwa na mtu, hafungui."

Binti yangu akakaa sakafuni, bega kwenye mlango.

"Ni mimi," akasema. "Nilikwambia hutamwona tena. Sikuwa na hakika, nilisema ili unyamaze. Nilikosea. Wewe hukukosea kuniamini."

Ndani kitu kikaburutwa sakafuni.

"Alhamisi atakuwepo?" Sauti ya mtoto ilikuwa karibu kabisa na mbao.

"Atakuwepo. Wewe utakuwa chumba kingine, lakini atakuwepo kwenye jengo hilohilo."

"Halafu watamfunga?"

Nilishika ukuta. Sema ndiyo, nilikuwa nasema moyoni, sema tu ndiyo, mtoto afungue. Nilimwona binti yangu akifumba macho.

"Sijui," akasema.

Tukangoja. Jirani mmoja akapita na beseni la nguo, akajibana ukutani ili asimkanyage, akaingia kwake bila kuuliza. Mwanga wa korido ukapungua hata nikawa sioni tena uso wa binti yangu, naona soli za viatu vyake tu.

"Basi nenda," mtoto akasema.

Mama mdogo akainuka, akataka kusema kitu, labda kumgombeza. Binti yangu akamzuia kwa mkono. Alikaa pale kidogo tena, kisha akajiinua polepole, kiganja kikiwa bado kwenye mbao. Akakitoa.

Mlango haukufunguliwa.