Kinyungu cha Wake Wenza

Juzi pale sokoni Mwanjelwa muuza mboga alikuwa ameketi kwenye kigoda akivua nyuzi za majani ya maboga. Ile harufu mbichi, kali kidogo, ikanipanda puani nikasimama palepale. Mkwe wangu akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nasikia watu wanagombana. Akatazama huku na huku asione ugomvi. Angeuonaje? Ni ugomvi wa miaka ya hamsini, kule Kilolo kwa Wahehe, na waliogombana wote wawili wako chini ya udongo. Mkwe wangu hana subira ya mambo ya zamani, kwa hiyo nawasimulia ninyi.

Baba yangu alikuwa na wake wawili. Mchungaji alimwambia amwache mmoja ndipo abatizwe. Baba akauliza, amwache yupi? Wote wawili walikuwa wanasikia, na kila mmoja akamtaja mwenzake. Baba akaona heri akose ubatizo.

Mkubwa tulimwita Mama Mkubwa. Alikuwa mrefu, mkavu, sauti yake ilivuka bonde bila yeye kujitahidi. Mama yangu alikuwa mfupi, mnene, na mdomo wake ulikuwa mdogo ila ulikata. Inasemekana siku Mama alipoletwa kama bibi harusi alikuja na kibuyu cha mbegu za maharage kutoka kwao. Mama Mkubwa akakitazama kile kibuyu, akasema mbele ya wageni, "Kwani sisi hapa tulikuwa tunakula mawe?" Basi, tangu hapo hawakusemeshana. Wakiwa na neno walinipitishia mimi, hata kama wamesimama hatua chache tu baina yao. "Mwambie mama yako mbuzi wake yuko kwenye mahindi yangu." Namwambia. "Mwambie mama yako mkubwa nimemsikia, mimi si kiziwi." Nageuka, namwambia. Shingo ilikuwa inaniuma.

Sasa, kwetu kila mke ni nyumba. Ana jiko lake, ghala lake, shamba lake. Na juu ya yote ana kinyungu chake, yaani kipande cha bondeni kule kwenye udongo mweusi usiokauka, kinacholimwa wakati wa kiangazi. Mvua zinapoanza, watu wanapopanda huko juu na ghala zimebaki vumbi na panya, kinyungu ndicho kinachokutoa kwenye njaa. Mwanamke asiye na kinyungu huenda kuomba kwa wenye navyo, na watoto wake wanaitwa watoto wa kuomba hadi wanaota mvi. Vinyungu vya nyumba zetu mbili vilikuwa jirani, katikati mfereji. Ule mfereji ulikuwa mpaka, na Mungu alikuwa anajua hivyo.

Ndipo akaja Mwalimu Tabitha. Alikuwa mama wa Kinyakyusa kutoka Mbeya, ameletwa na misheni kufundisha akina mama kilimo cha bustani, kila wiki chini ya upenu wa shule. Akina mama walikwenda kwa sababu jumbe, mkuu wa kijiji, aliamuru, na walikaa wamekunja mikono wamenuna. Walikuwa wamechoka kuamriwa. Mara chimbeni matuta, mara msilime mlimani, na sasa mwanamke wa Mbeya aliyezoea ndizi anakuja kuwafundisha Wahehe kula! Yeye alisema bila kuinua sauti kwamba mahindi peke yake si chakula, ni kushindilia tumbo tu. Kwamba bustani iwe na kunde, mboga, mizizi, vitu vya kuliwa hapohapo nyumbani. Mama Mkubwa akajibu kwa Kihehe kwa sauti ya kuvuka bonde, na waliosikia wakacheka wakificha mdomo kwa kaniki. Sitaandika alichosema.

Kosa la Mwalimu lilikuwa moja. Alisema, "Nyumba moja, bustani moja." Kwao huenda ilieleweka. Alipofika kwetu alihesabu nyumba kwa kumhesabu Baba! Akaona vinyungu viwili na mfereji, akasema mfereji unapoteza ardhi, ufukiwe. Jumbe akaitikia haraka sana, akaongeza lake: bustani itakayokutwa haina matunzo siku ya ukaguzi atapewa mwingine. Huyo mwingine tulimjua wote. Alikuwa shemeji wa jumbe mwenyewe, ambaye kila jioni alipita ukingoni pale akitutazamia udongo wetu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Mfereji ukafukiwa. Mama alikaa jikoni akivunja kuni kwa goti. Mama Mkubwa alishuka bondeni alfajiri iliyofuata akapanda mahindi kila mahali, upande wake na upande wetu, hadi kwenye maji.

Loo! Niliposhuka na Mama tukayakuta yameshachipua, nilidhani atayang'oa. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Kwetu chakula kikishachipua haking'olewi. Anayeng'oa anaita njaa nyumbani kwake, na hata hasira ya Mama haikufika huko. Akasimama akihema. Kisha akarudi nyumbani akachukua kile kibuyu, akapanda maharage yake katikati ya mahindi yale, nafasi kwa nafasi. "Mwambie mama yako mkubwa," akaniambia, "ang'oe kama ni mwanamke."

Hakung'oa. Alileta maboga. Aliyapanda mahali ambapo yangetambaa juu ya maharage ya Mama. Mama akajibu kwa viazi mviringo pembeni. Mama Mkubwa akaweka magimbi kwenye maji. Mama akaweka njegere zipande juu ya mahindi ya mwenzake, "zimnyonge". Palipobaki upenyo wa kiganja, mmoja alichomeka figiri kabla mwingine hajaamka. Na kila mmoja alipalilia, ng'o! hakukubali magugu yaguse vyake, na huwezi kupalilia vyako pale bila kupalilia vya adui yako.

Siku moja walishikana. Sijui nani alianza. Nilisikia chubwi! nikageuka nikawaona wote wawili kwenye matope, kaniki ya Mama imechanika, kilemba cha Mama Mkubwa kinaelea majini. Na bado walikuwa hawasemeshani. Walipigana kimya. Baba aliitwa kutoka kwenye ulanzi wake, akaja akasema kwa busara yote ya pombe ya mianzi kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Wakaachana, wakamgeukia yeye. Baba alirudi kwenye ulanzi akiwa amelowa hadi kiunoni.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mwalimu Tabitha alishuka na jumbe, na nyuma yao shemeji, amebeba jembe. Jembe! Alikuja na jembe kabisa. Mimi nilikuwa nimeshika kaniki ya Mama. Jumbe akatazama lile pori, maboga yamefunika kila kitu, njegere zinaning'inia, mistari haionekani. Akasema, "Hii ni fujo. Hapa hapana matunzo."

Mwalimu aliweka daftari lake chini. Alivua viatu akaingia. Akainama, akafunua majani, akafukua kiazi kwa kidole, akatafuta magugu asiyaone. Alipotoka alikuwa na matope hadi magotini. Akasema, "Jumbe, wiki zote nimewaambia wapande hivi, wamenipandia mistari ya mahindi. Hapa ndipo waliponisikia. Nani amepanga bustani hii?"

"Mimi," akasema Mama.

"Mimi," akasema Mama Mkubwa, saa ileile.

Wakageukiana. Na hapo, mbele ya jumbe, mbele ya mwalimu, mbele ya shemeji na jembe lake, wakasemeshana kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. "Muongo wee!" "Muongo mama yako!" Nilifurahi mno, nikadhani shingo yangu imepona.

Kinyungu kilibaki kwetu. Mvua ya mawe iliposhuka kabla mahindi hayajakomaa, iliyalaza bonde zima. Waliokuwa na mahindi tu walilia. Sisi tulikula maharage yaliyokuwa yamejificha chini ya maboga, tukachimba viazi, kisha magimbi. Mwaka uliofuata majirani walipanda mchanganyiko kama sisi, hawakupata kama sisi. Mama alisema kwa sababu hawakuwa na hasira.

Wala msingoje niwaambie walipatana. Hawakupatana. Mfereji haukuchimbwa tena, na kila kiangazi walirudi pale kupandiana juu ya vichwa, wakitukanana hadi sauti zikakwama, hadi sisi watoto tukaolewa na kuoa.

Mama alipofariki nilikuwa nimeshaolewa Mbeya. Mama Mkubwa alikuja msibani, hakutoa chozi, akakaa kwenye kona amenuna kama siku ya darasa. Nilimchukia kwa hilo. Baada ya matanga nilishuka bondeni peke yangu nikamkuta ameinama, mzee, mgongo umepinda, mahindi yake yameshachipua. Mkononi alikuwa na kibuyu cha Mama. Alikuwa anapanda maharage, nafasi kwa nafasi, palepale Mama angepanda.

Nikasimama pale ndipo nikaelewa kitu ambacho utotoni sikukiona. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kukanyaga mbegu ya mwenzake. Ili umpandie mtu katikati lazima ujue kila punje yake imelala wapi, na imeota au haijaota. Sisi watoto wao hatukuwahi kumwangalia mtu yeyote namna hiyo.

Nikamuuliza kwa nini anapanda mbegu za Mama. Akanitazama kwa yale macho yake makavu.

"Nisipozipanda, nitagombana na nani humu?"

Nilivua viatu nikaingia nimsaidie, na ile sauti ikavuka bonde kama zamani:

"Wee! Angalia unapokanyaga! Hayo ni maharage ya mama yako."