Lori la Mgombea na Ndoo ya Mama Mkwe

Wiki iliyopita wanawake wa mtaa wetu tuliteka lori.

Ndiyo, tuliliteka mchana kweupe. Silaha yetu ilikuwa mama mkwe wangu.

Kabla hamjanihukumu, nisikilizeni. Mimi nafua nguo za watu. Mtaani kwetu mabomba yapo, maji hakuna. Nabeba madumu kutoka ng'ambo ya barabara kuu, na mgongo sina tena.

Mama mkwe miguu imekataa kazi. Namwogesha mimi, kwa kikombe, maji yenyewe nimeyabania kutoka kwenye nguo za wateja.

"Mwanangu," huniambia, "hivi ndoo nzima mnaniwekea siku ya kuoshwa maiti? Nami nataka niisikie mwilini ningali hai."

Nacheka, lakini inaniuma.

Basi, uchaguzi ukakaribia, lori likaja. Nyuma lina mtambo wa kuchimba kisima, ubavuni picha ya mgombea anacheka meno yote nje. Likaegeshwa uwanjani, likanguruma kutwa. Kesho yake mheshimiwa angekuja kuzindua.

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikaendelea kufua. Uchaguzi uliopita walituletea nguzo za umeme, wakapiga nazo picha, kura zilipokwisha wakazing'oa. Mwenzenu nimechoka hata kutumaini.

Siku ya pili yake mchana, kabla mheshimiwa hajafika, dereva akawasha gari.

"Unakwenda wapi na kisima chetu?" jirani yangu fundi cherehani akamdaka.

"Naenda kula, dada. Narudi sasa hivi."

"Hata zile nguzo tuliambiwa zinarudi."

Hatukujadili. Tukambeba mama mkwe na kiti chake, tukamweka mbele ya tairi.

Dereva akashuka mbio. "Shikamoo mama. Naomba usogee, jua kali."

"Marahaba. Nitasogea ukichimba."

"Mama, nitafukuzwa kazi."

"Chimba, mwanangu. Si ndicho kilichokuleta?"

Akatutazama, akatazama chini. Halafu akaenda nyuma, akafungua kifuniko cha mtambo.

Jamani! Cha kuchimbia hakuna. Ndani mna jenereta ya kupiga kelele na tangi kubwa la maji. Basi.

"Hili halichimbi," akasema polepole. "Mheshimiwa akibonyeza kitufe, maji yanaruka juu, mnapiga makofi, nahamia mtaa mwingine. Mimi dereva tu, mama zangu. Na mimi nimechoka kushangiliwa."

Nilikaa chini, palepale kwenye vumbi. Hasira nayo inataka nguvu, na nguvu sikuwa nazo.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza la maana.

"Hayo maji ni safi?"

"Ya bomba, mama."

"Sasa mnangoja nini? Leteni ndoo!"

Mtaa mzima ukatoka na ndoo, beseni, sufuria, hadi mtu na birika la chai. Dereva mwenyewe akafungua koki. "Nitasema tangi lilivuja," akasema, kisha akaomba dumu moja apeleke kwake.

Nilimwogesha mama mkwe ndoo nzima, nikamwongeza nyingine. Nilipommiminia kichwani akafumba macho, akaniambia, "Tena." Nikalia, na sikuona haya.

Alasiri mheshimiwa akafika na wapiga picha wake. Akabonyeza kitufe. Mtambo ukakohoa. Akabonyeza tena, hewa tupu. Akatazama kamba za nguo mtaa mzima, zimejaa nguo safi zinazochuruzika maji, asielewe kitu.

Mama mkwe, ananukia sabuni, akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake:

"Asante sana, mwanangu! Yalishafika!"

Mheshimiwa akampungia mkono. Picha ikapigwa.

Kura nitapiga. Msiniulize nitampa nani, hata mimi sijui. Ninachowaambia ni hiki tu: mtu akikuletea mtambo, usimpigie makofi kabla hajafungua kifuniko. Na ukikuta ndani mna maji, chota kwanza, hotuba utazisikiliza ukiwa umeoga.