Mzee Manirambona na Mifupa ya Ufaransa

Binti akiposwa, ukoo wa mposaji huchunguzwa. Wengine humtuma shangazi. Mimi nilijituma mwenyewe, kwa sababu shangazi wa kwetu akipewa soda husahau alichotumwa.

Mposaji anaitwa Tarsisi, fundi friji hapa Tabora mjini, kijana safi ambaye hata ovaroli huipiga pasi. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mtu anayepiga pasi ovaroli anaficha kitu, na kitu hicho huwa kiko kwao. Kwao ni Ulyankulu, katika familia iliyokuja zamani kutoka Burundi. Nikamwambia mume wangu, Nikolaus, kwamba nakwenda huko kununua maharage. Akasema maharage yapo sokoni. Nikasema ya kule huiva haraka.

Nilipata duka linalotazamana na nyumba yao. Nikakaa juu ya gunia nikichagua kilo moja ya maharage, punje kwa punje, jicho likiwa ng'ambo.

Ndipo alipotoka babu yake Tarsisi, Mzee Manirambona. Zilianza kutoka ndevu, kikafuata kichwa, halafu mgongo uliopinda hadi mikono ikakaribia magoti. Amevaa koti bila shati. Mbuzi alimsogelea, mzee akamngurumia, mbuzi akaondoka zake. Akakaa kwenye kigoda, akatia tonge mdomoni na kulizungusha kutoka shavu hili kwenda lile, maana meno hana. Nikavuka barabara, nikampa shikamoo. Akatoa mguno, akanitazama kama alivyomtazama mbuzi.

Nikaona inatosha, nikarudi mjini.

Jioni nilimkuta Consolatha, binti yangu, anapepeta mchele uani. Yeye ni mwalimu wa historia.

"Posa ya Jumamosi haipokelewi," nikamwambia. "Ule ni ukoo wa watu wa mapangoni. Nimemwona babu yao, amekosa rungu tu."

"Umewaona wangapi, mama?"

"Mmoja. Lakini anatosha wawili."

Akauweka ungo chini. Mtoto huyu akikasirika hafoki, hufundisha.

"Hao watu wa mapangoni unaowasema, wale wa kwenye picha, wenye manyoya na mgongo umeinama. Unajua picha hiyo ilitoka wapi?"

"Ilitoka kwenye kitabu chako."

"Ulaya waliishi watu wanaoitwa Neandathali. Zaidi ya miaka mia iliyopita, huko Ufaransa, ikachimbuliwa mifupa ya mmoja wao. Mtaalamu akaichunguza, akatangaza kwamba watu hao walitembea wameinama, magoti hayanyooki, na akili ni kidogo. Dunia nzima ikawachora hivyo. Wengine walipokuja kuipima mifupa ile upya, kumbe ni ya mzee mwenye ugonjwa wa viungo. Meno mengi yameng'oka, mgongo umeharibika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mzee mmoja mgonjwa alifanywa taifa zima. Wenzake walitembea wima kama wewe. Ubongo wao ulikuwa mkubwa kama wetu. Walitumia moto, walitengeneza gundi ya kushikizia mawe kwenye mikuki, waliwinda kwa kushirikiana, na baadhi ya wafu wao waliwazika. Tena wapo wataalamu wanaosema mzee yule asingefika umri ule bila watu wa kumtunza."

"Na sura?"

Akasita kidogo. "Sura zilikuwa nzito. Mfupa wa juu ya macho umetokeza, pua kubwa, kidevu ni kama hakuna."

"Hapo angalau umesema kweli."

"Na walizaa na watu kama sisi, mama. Damu yao imo katika watu wengi mpaka leo."

Nikauliza mahari ilikuwa nini. Akajibu kwamba hilo mifupa haisemi.

"Wewe umefanya kama yule mtaalamu," akaongeza.

"Yeye alilipwa. Mimi nauli nimejilipia."

Hakucheka. Akaokota ungo wake, akasema nikimkataa Tarsisi hatabishana na mimi wala hatatoroka, ila mwanamume mwingine nisimtajie tena. Ningependelea afoke. Mtoto anayefoka unajua atanyamaza.

Jumamosi wakaja: mshenga, Prosperi ambaye ni baba yake mdogo Tarsisi, na katikati yao, ameshikwa mikono miwili, Mzee Manirambona. Safari hii alikuwa na shati. Nikolaus akawakaribisha, tukawapa chakula kwanza, maana jibu la posa halitolewi kwa watu wenye njaa.

Nilikaa karibu na mlango nikitazama mikono. Uso wa mtu unaweza kukudanganya, mikono ina haraka ya kusema kweli. Prosperi alikuwa anamweleza Nikolaus habari za tumbaku na mvua. Huku akiongea, akaivuta sahani ya mzee, akachambua nyama nyuzi nyuzi, akatoa mishipa, akairoweka katika mchuzi, akairudisha mbele ya baba yake. Hakuitazama hata mara moja wala hakukatisha sentensi. Mzee naye hakushukuru, alianza kula tu.

Aliposhiba akanigeukia. "Wewe mama ulikuja kwetu kununua maharage."

Nikolaus akanitazama. Nikatazama jagi la maji.

"Sikukujibu salamu vizuri, nilikuwa na ugali mdomoni," mzee akaendelea. "Nikawaambia watoto, yule ni mkwe. Nani atoke Tabora mjini kufuata kilo moja ya maharage? Wakaniuliza, yukoje? Nikasema ana macho ya mtu anayehesabu kuku wa jirani. Mtoto wa huyo hataibiwa."

"Marahaba," nikasema, na mshenga akapaliwa na wali.

"Na mgongo huu usikutishe. Kutoka Burundi nilikuja nao umenyooka, na huyu Prosperi nimembeba juu yake, analia njia nzima. Huu uliopinda niliununua Ulyankulu kwa asali. Nilipanda mti kurina, nyuki wakaniambia nishuke, nikashuka haraka kuliko walivyotaka."

Walicheka wote. Mimi nilikuwa bado na swali moja, na nilijua Consolatha yuko nyuma ya pazia anasikiliza.

"Prosperi," nikasema, "nyumbani nyama ya mzee huchambuliwa na nani?"

"Aliye karibu."

"Na Tarsisi?"

Mshenga akafungua mdomo amsifu kijana wake. Prosperi akamtangulia. "Tarsisi anachambua vibaya, dada. Anaacha mishipa. Mzee humtukana mpaka majirani wanasikia."

"Kila akija," mzee akathibitisha. "Anatukanwa, na kesho anachambua tena."

Mshenga aliinamisha kichwa kama mtu aliyeona mzigo wake umeanguka barabarani. Nikolaus alikohoa, akaniuliza kwa macho.

"Basi Consolatha atamfundisha," nikasema, nikaenda jikoni kuongeza mchuzi.