Karani aliyenusuru siku sitini za mlinzi

Saa moja na nusu asubuhi, Kawira Muthuri anawasha kompyuta kabla hajavua koti. Ofisi ni chumba kimoja tu mtaani La Rochelle, katika jiji la dhahabu la kusini mwa Afrika, juu ya duka la matairi. Kwenye skrini kuna maombi matatu mapya ya likizo, naye anapiga makofi ya furaha.

"Haya, na mlinzi Lambert naye ameomba! Huyu nimembembeleza aende likizo tangu Juni."

Kawira, 36, mzaliwa wa Nkubu, Meru, ni karani wa mishahara katika kampuni ya ulinzi yenye wafanyakazi 212, wengi wao Wakongo wa Rosettenville na Turffontein, mitaa ya jirani.

Mei mwaka huu wa 2018, kampuni iliacha kadi za karatasi ikanunua programu ya mishahara. Kazi ya kuingiza kanuni za likizo ikamwangukia yeye. Nyingi zilikuwa nyepesi: siku kumi na tano za kazi kwa mwaka, yaani siku moja na robo kila mwezi. Kisha akafika kwenye kisanduku kinachouliza kama siku zisizotumika zifutwe.

"Meneja aliniambia niweke ndiyo. Nikasema ngoja kwanza, nione ni nani wataumia."

Walitokea watu 38 ambao hawajawahi kupumzika hata siku moja. Mmoja wao ni Ignace, mlinzi wa ghala, mwenye siku sitini za miaka minne. Mama yake yuko Likasi huko Kongo, safari ya siku tatu kwa basi, na muda wote huo hawajaonana. Kawira alimwita ajaze fomu. Akakataa katakata.

"Baba yangu alikuwa anatumika mu kompani ya shaba," Ignace anaeleza. "Bakamwambia, enda congé, likizo, tutakuita. Hakuna mutu alimuita mpaka akakufa. Sasa mimi nitaachaje lango?"

Kawira alimwendea meneja, akaomba siku za zamani zisiguswe mpaka kila mtu apate nafasi ya kwenda. Meneja akakubali.

"Namshukuru sana. Angeweza kunifokea, akanisikiliza."

Akaingiza likizo ya Ignace ya mwezi mzima, kisha akamchapishia orodha ya zamu za Agosti, jina lake likiwemo. Ignace aliisoma karatasi, akauliza, "Mama, cachet iko wapi?" Programu haina muhuri. Kawira akapekua droo, akapata ule wa zamani, akaugonga mara mbili.

Ignace aliondoka tarehe 2 Julai. Alirudi siku mbili kabla ya wakati, akapitiliza na begi lake hadi langoni kutazama orodha.

"Jina yangu ilikuwa pale!" anasema, machozi yakimlengalenga. "Na mama nilimukuta muzima, akanipikia bukari, ugali yetu, yeye mwenyewe. Mungu abariki mama Kawira."

Tangu hapo, 26 kati ya wale 38 wameomba likizo. Kawira anatumaini waliobaki wataenda kabla ya Krismasi.

"Juzi nikafungua jina langu mwenyewe," anasema akicheka. "Siku arobaini na moja! Nilijionea aibu."

Amejaza fomu, na meneja ameidhinisha. Ataondoka tarehe 14 Desemba kwenda Nkubu, kwa mama yake wa miaka 74.

"Sijamwambia. Nataka nibishe hodi, nimsikie akiuliza ni nani."